Waliobeba Vyombo Nao Watazame

Mwezi Oktoba, 1873, msafara wa Waafrika watupu uliingia Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ukiwa umebeba maiti ya Mzungu. Ulikuwa umetembea takriban miezi mitano tangu kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, ukiongozwa na Susi na Chuma. Pamoja na maiti ya David Livingstone, watu hao walibeba daftari zake na masanduku ya vyombo alivyovitumia kupimia nyota. Kwihara walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumtafuta huyohuyo aliyekwisha kufa. Cameron aliwashauri waizike maiti papo hapo, wakakataa. Kisha akachukua sehemu kubwa ya vyombo kwa ajili ya safari yake mwenyewe, na wale waliovibeba wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874 wakiwa na maiti yao mabegani.

Kisa hiki husimuliwa mashuleni kama kisa cha uaminifu, na kwa hakika uaminifu umo. Lakini yafaa kitazamwe pia kwa upande wa yale masanduku. Kwa miaka mingi vyombo vya kutazamia mbingu vilipita katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji vikiwa vichwani na mabegani mwa Wanyamwezi na watu wa pwani. Waliovibeba walijua uzito wake na namna ya kuvivusha mitoni bila kuvilowesha. Kilichoonekana kwa kuvitumia kiliandikwa kwa lugha nyingine, kikapelekwa London, kikarudi baadaye kikiwa ramani iliyotumiwa kuigawa nchi hii.

Ili thamani ya mzigo ule ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke kazi yake. Msafiri aliyetaka kujua yuko latitudo gani alipima urefu wa nyota au Jua kutoka upeo wa macho. Longitudo ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ilitaka saa isiyokosea. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa kila saa moja. Kwa hiyo saa ya msafiri ikikosea dakika moja tu, mahali aliposimama husogea kwenye ramani kwa kilomita 28 hivi. Januari 1867 kijana aliyembebea Livingstone saa zake aliteleza njiani akaanguka, na mwendo wa saa ukabadilika. Tangu hapo longitudo alizoziandika msafiri yule mashuhuri zilikuwa na kosa. Wataalamu wa Ulaya walihangaika kuzisahihisha, na chanzo cha yote ni mguu wa kijana mmoja katika njia yenye utelezi. Huo ndio ukubwa wa nafasi ya mpagazi katika elimu ile, ingawa jina lake halikuchorwa kwenye ramani yoyote. Hata Sidi Mubarak Bombay, aliyewatumikia Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley na hatimaye Cameron, hujulikana na wanafunzi wachache kuliko yeyote kati ya mabwana zake.

Mambo haya yanakumbushwa kwa sababu ipo shughuli moja, ndogo na ya gharama nafuu, ambayo kwayo deni hilo laweza kuanza kulipwa mahali hasa lilipofanyika. Nayo ni kuwakusanya wananchi usiku, mahali pa wazi, kuwapa darubini na mtu wa kueleza, na kuwaacha watazame nyota kwa macho yao wenyewe. Katika nchi nyingi mikutano ya namna hii ni jambo la kawaida. Mwaka 2009, Umoja wa Mataifa ulipoutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota kwa kukumbuka miaka 400 tangu Galileo aelekeze darubini yake angani, ilifanyika katika kila bara.

Wala isisemwe kwamba wananchi wa hapa hawana hamu. Novemba 3, 2013 Jua lilipopatwa, umati ulijaa Pakwach, kaskazini mwa Uganda, hata Rais Museveni akawa miongoni mwa watazamaji. Septemba 1, 2016 ilikuwa zamu ya Rujewa, wilayani Mbarali. Karibu saa sita mchana Mwezi ulisimama katikati ya Jua ukaacha pete ya moto pembezoni. Maelfu ya watu, wanafunzi wakiwa wengi, walikuwa uwanjani wakiwa na miwani maalumu, na walikuwapo wataalamu wa kuwaeleza, akiwamo Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, ambaye kwa miaka mingi amewaandikia wasomaji wa magazeti juu ya anga. Mtu aliyeshuhudia umati wa Rujewa hawezi tena kudai kwamba elimu ya nyota ni anasa ya mataifa tajiri. Kilichobaki kuulizwa ni kwa nini watu wangoje Jua lipatwe ndipo waitwe uwanjani, ilhali mbingu ziko wazi kila usiku wa kiangazi.

Tabora siku ile Jua lilimegwa sehemu kubwa bila kufikia pete. Asiyekuwa na miwani angeweza kulitazama tukio bila kuinua kichwa kabisa, chini ya miembe ile ambayo mstari wake hadi leo huonyesha walikopita wasafiri wa misafara. Wakati Jua likiwa limemegwa, kila tundu la mwanga kati ya majani hutupa ardhini picha ya Jua lenyewe, na uwanja wote hujaa miezi midogo midogo inayotikisika kwa upepo. Somo la namna hiyo halihitaji fungu katika bajeti. Linahitaji mwalimu anayejua mapema kwamba litatokea, akawatoa watoto nje badala ya kuwafungia darasani kwa hofu.

Hapa ndipo ulipo ugonjwa. Katika shule za nchi hii mtoto hufundishwa kuwa Dunia hulizunguka Jua, na kwamba Mwezi hukua na kupungua. Mwalimu huchora miduara ubaoni saa nne asubuhi, mtoto akainakili, akaikariri, akaijibu katika mtihani, akapata vema. Mara kadhaa kila mwezi, saa hiyohiyo ya somo, Mwezi wenyewe huwa uko angani upande wa magharibi, mweupe kama kipande cha muhogo, na hakuna anayeufungulia dirisha. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora na kufundisha Tabora, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akilalamikia elimu inayomfanya kijana adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa watu waliosoma. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi kuliko mtoto anayejua majina ya sayari nane kwa mpangilio, lakini akionyeshwa Zuhura baada ya magharibi akasema ni ndege.

Wapo watumishi wa umma watakaosema kwamba nyota haziliwi. Watauliza kama madawati yametosha na zahanati zina dawa, ndipo watu waitwe kutazama mbingu. Hoja hiyo husikika kuwa ya uzalendo, na mara nyingine ni ya uzalendo kweli. Lakini ichunguzwe. Usiku mmoja wa kutazama nyota hauchukui dawati hata moja. Na nchi inayotaka wapima ardhi, mafundi wa mitambo na wahandisi haiwezi kuwapata kwa kungoja hadi mahitaji mengine yote yaishe, maana hayaishi. Isitoshe, wanaotoa hoja hiyo huwa hawaitoi pale semina ya siku tatu inapofanyika hotelini kuzungumzia umuhimu wa sayansi.

Wengine huichanganya elimu ya nyota na unajimu wa kupigia ramli. Lugha yenyewe imechangia kuchanganyikiwa huku, kwa sababu neno unajimu limetumika kwa yote mawili, na katika magazeti limezoeleka kwa yule anayewaambia watu bahati yao ya juma. Ndiyo maana wengine hupendelea neno falaki. Neno lolote litakalotumika, dawa iko katika darubini yenyewe. Mtu akiisha kuona kwa jicho lake milima na mashimo ya Mwezi, na kivuli kirefu cha kila mlima katika mstari unaotenga mwanga na giza, itakuwa kazi kubwa kumshawishi kwamba dude hilo la mawe limepanga ndoa yake ivunjike mwezi ujao.

Tena kutazama anga kwa pamoja si desturi ngeni inayoletwa na wafadhili. Mji wa Tabora, kama Ujiji, una Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na kila mwaka jioni ya tarehe 29 Shaabani watu hutoka kuangalia magharibi kama mwezi umeandama. Huo ni mkutano wa hadhara wa kutazama anga, wenye ushahidi, mabishano na hukumu. Wakristo nao hupata Pasaka yao kwa hesabu ya Mwezi mpevu. Wakulima wa pwani na wa bara walikuwa na Kilimia, kile kikundi cha nyota kilichowapa majira ya kulima. Jina hilo limetokana na kulima, na ndugu zake wako mbali hadi kwa Wazulu na Waxhosa wanaokiita isiLimela. Hata jina la Wanyamwezi, kwa maelezo yaliyozoeleka, lilitoka kwa watu wa pwani waliouona mwezi mchanga ukiandama upande wa magharibi na kuwaita wenyeji wa huko watu wa Mwezi. Basi jimbo ambalo watu wake wamepewa jina la Mwezi ndilo lingepaswa kuwa la kwanza kuutazama kwa darubini.

Anga lenyewe la Tabora ni utajiri ambao haujahesabiwa. Mji uko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na kwa hiyo karibu nyota zote za kaskazini na za kusini huonekana hapo katika mwaka mmoja. Mtazamaji wa London hauoni kamwe Msalaba wa Kusini, na mtazamaji wa Cape Town hupitwa na sehemu kubwa ya anga la kaskazini. Mwezi Julai, mazao yakiwa yamekwisha kuvunwa na mvua ikiwa mbali, ule ukanda mweupe wa nyota hupita juu kabisa ya vichwa wakati wa usiku, na sehemu yake nene kuliko zote, kilipo kitovu cha kundi kubwa la nyota ambamo Jua ni moja tu, husimama karibu na utosi. Kuanzia Agosti moshi wa mioto ya misitu na mashamba huanza kuharibu, nayo ni sababu nyingine ya kupiga vita uchomaji ovyo, ingawa si ile iliyozoeleka kutajwa katika mikutano ya kijiji. Ni kweli pia kwamba umeme unapofika vijijini, taa zake zinazomulika juu bila kikinga zitaufunika utajiri huu taratibu. Hakuna mwenye akili anayetaka vijiji vibaki gizani. Kinachotakiwa ni taa iliyofunikwa juu, imulike njia na isiwamulikie popo.

Zipo pia kazi za mchana, na hizi zaweza kufanywa na shule isiyokuwa na darubini wala senti. Fimbo iliyonyooka isimikwe wima uwanjani, na wanafunzi waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Watagundua kwamba kivuli kifupi kabisa hapo Tabora hakipatikani saa sita kamili, bali kwa wastani saa sita na dakika 49 mchana, kikitangulia au kuchelewa kidogo kufuatana na majira. Sababu yake ni kwamba saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na Tabora iko karibu nyuzi 32.8. Kila uzio mmoja ni dakika nne za saa. Kwa fimbo, redio na kutoa kwa kawaida, mtoto wa darasa la saba ataipata longitudo ya shule yake, jambo ambalo Speke alihitaji sanduku la vyombo ili kulifanya hapo Kazeh baada ya kuwasili Novemba 1857. Shule ya Bagamoyo na shule ya Ujiji zikifanya zoezi hilo siku moja na kupigiana simu, zitaona Jua limesafiri kati yao kwa dakika 37 hivi. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Tena mapema Machi na mapema Oktoba kuna siku ambapo fimbo ya Tabora hukosa kivuli kabisa, Jua likiwa utosini. Wakulima wazee hulijua joto la siku hizo. Sababu yake wangependa kuelezwa.

Namna ya kuyapanga haya si siri. Nchi hii iliwahi kuwaweka watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, bila majengo mapya. Mwezeshaji alikuwa mwalimu au mwanakijiji aliyefundishwa kwa siku chache. Muundo huo huo wa kata, shule na matawi ya Chama bado upo. Darubini kubwa si sharti. Darubini ya macho mawili, ya aina wanayoitumia askari wa wanyamapori, ikitulizwa juu ya nguzo, huonyesha mashimo ya Mwezi na ile miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Hifadhi ya Mto Ugalla haiko mbali, na kuazima vyombo viwili vitatu kwa usiku mmoja si jambo la kuandikiana barua nusu mwaka. Chuo cha Ardhi kilichopo Tabora hufundisha uchoraji wa ramani. Wanafunzi wake wangekuwa waelezaji wa kwanza, maana wao ndio warithi halali wa kazi iliyoanzia Kwihara. Pete za Zohali huhitaji darubini yenye nguvu zaidi. Machi 2025 pete hizo zilisimama kiubavu kuelekea Dunia, zikaonekana kama uzi, na tangu hapo zinafunguka polepole mwaka hadi mwaka. Atakayezitazama leo akarudi baada ya miaka mitatu ataona tofauti.

Na mahali papo. Njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, ikiwa na vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tembe la Livingstone liko hapo Kwihara likiwa jumba la makumbusho, na usiku uwanja wake ni mweusi na mtulivu. Ingefaa usiku wa kwanza ufanyike hapo, mbele ya ile nyumba ambamo vyombo vilipumzishwa, kisha vituo vingine vifuate usiku ule ule kadiri vitakavyoweza.

Tahadhari moja isipuuzwe, kwa sababu hapa pana macho ya watoto. Hakuna chombo kitakachoelekezwa kwenye Jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake. Darubini ya kawaida huharibu jicho kwa nukta moja, na jicho halisikii maumivu. Miwani ya jua ya dukani, kioo kilichofukizwa moshi, hata lile beseni la maji ambalo vizazi vingi vililitumia siku za kupatwa kwa Jua, vyote havitoshi. Kupatwa kwa Mwezi hakuna hatari hiyo. Jumapili ya Septemba 7, 2025, kuanzia saa mbili na nusu usiku, Mwezi uliingia wote katika kivuli cha Dunia kwa dakika 82, na palipokuwa na anga safi ulionekana mwekundu kama udongo wa tanuru kwa kila aliyetoka nje. Kama yupo mwalimu wa zamu aliyewabakiza wanafunzi wa bweni ndani usiku ule kwa sababu ratiba ilisema ni saa ya kujisomea, ratiba yake na iangaliwe upya.

Liko jambo la mwisho, dogo, lakini ndilo liwezalo kuua shughuli nzima. Vifaa vya sayansi katika nchi hii vina desturi ya kuzeekea kabatini, ufunguo ukiwa kwa mtu aliyesafiri. Na mikusanyiko ina desturi ya kumngoja mgeni rasmi. Nyota hazingoji. Kilichokuwa juu saa moja na nusu huwa kimezama ifikapo saa tatu, wakati risala ndiyo kwanza inasomwa. Basi darubini ikikabidhiwa shule, ufunguo uwe na watu wawili, mmoja wao akiwa mwanafunzi. Kusiwe na jukwaa wala taa za shamiana. Mgeni rasmi akija apange foleni nyuma ya wakulima waliotangulia kufika, na asipofika kwa wakati, watoto waanze.